Filomena Aliyerudi Kutoka Barafuni

Kihonda, mjini Morogoro, kuna ghala la zamani lililokuwa la magunia ya katani. Sakafu yake ya terazo imelainika kwa miaka mingi ya kuburutiwa mizigo. Humo ndimo Filomena Gervas alimojifunza kelingi, mchezo wa nchi za baridi, katika mji ambao watu wake barafu wanaijua ya kutia kwenye juisi ya ukwaju.

Filomena alikuwa binti wa katekista wa Nyandira, huko juu kwa wakulima wa kabichi na njegere. Aliteremka mjini kusoma, na alipokuwa shule kule Kilakala akapata rafiki, Zuleha, msichana wa Kinole. Filomena alikuwa Mkatoliki mwenye rozari shingoni, Zuleha Mwislamu aliyekuwa akimwamsha mwenzake bila kukusudia kila alipoamka kuswali alfajiri. Walipomaliza kidato cha sita wakakaa wote Kihonda kwa Yuliana, shangazi yake Filomena, aliyekuwa fundi cherehani. Walikuwa wakisubiri vyuo, na kusubiri kukawachosha. Ndipo wakasikia vishindo vya mawe kutoka ghalani, wakaenda kuchungulia.

Mwenye vishindo alikuwa Mwalimu Bartholomeo. Alikuwa ameishi Kanada muda mrefu, akitunza jumba la barafu ambamo mchezo huo ulichezwa, kisha akarudi kumuuguza mama yake. Mama alipofariki, yeye hakurudi tena Kanada. Alipanga ghala, akamwomba fundi amfinyangie mawe ya saruji yenye mpini juu na gololi za chuma chini, akachora duara mwisho wa sakafu.

"Hiyo ndiyo nyumba," aliwaambia wasichana siku ile ya kwanza. "Unalisukuma jiwe, likafike nyumbani, likae. Wenzako wawili wanakimbia mbele yake wakifagia ili liende mbali. Jiwe likikaa karibu na kitovu kuliko la mpinzani wako, pointi ni yako. Mengine yote ni kelele."

Watu wa Kihonda waliuita mchezo wa mafagio, wakacheka. Lakini vijana waliendelea kuja, wavulana kwa wasichana, na baada ya muda Mwalimu akaunda timu mbili. Ya wasichana ilikuwa na Filomena kama nahodha, Zuleha, na wengine wawili, Esther na Upendo. Zuleha ndiye aliyekuwa bora. Wenzake walisukuma jiwe, yeye alikuwa kama anaagana nalo.

Mwaka wa pili ukaja mwaliko wa mashindano ya kimataifa ya vijana, ya wavulana na ya wasichana, daraja la chini, huko Finlandi. Wavulana walinyimwa viza. Wasichana wakapewa. Bi Mwaisha, mama yake Zuleha, aliteremka kutoka Kinole kumuaga mwanawe, akamfungia mdalasini na karafuu kwenye kipande cha kanga ili akajitengenezee chai.

"Ukirudi tu, panda nyumbani," alimwambia. "Mjomba wako anataka tukuonyeshe mipaka."

Kwa Waluguru ardhi hufuata tumbo la mama. Shamba la lukolo, yaani la ukoo wa upande wa mama, lilikuwa mikononi mwa Bi Mwaisha, na yeye kati ya watoto wake alikuwa na binti mmoja tu. Miaka yote Zuleha alikuwa ameambiwa kwa upendo kwamba mikarafuu ile, migomba ile na makaburi yaliyo katikati yake vinamsubiri yeye. Siku ile pia alisema, "Ndiyo, mama." Filomena alikuwa amesimama karibu, akaona jinsi rafiki yake alivyoinamisha kichwa, akadhani ni huzuni ya safari.

Barafu ya kweli iliwaaibisha. Jiwe ambalo Kihonda lilitaka nguvu za kusukuma mkokoteni, kule liliguswa tu likapaa, likapita nyumba na kugonga ukuta wa nyuma. Mechi ya kwanza walifungwa vibaya sana. Ya pili vilevile. Upendo alianguka akachubuka kidevu, Esther akalia katika chumba cha kubadilishia nguo. Zuleha peke yake ndiye aliyeteremka kwenye ile barafu kana kwamba miguu yake ilikuwa inaijua. Mechi ya tatu alilituma jiwe taratibu, Filomena akawapigia kelele Esther na Upendo wasifagie, waliache, na jiwe likaingia nyumbani likasimama katikati ya kitovu. Watazamaji wachache waliokuwapo wakawapigia makofi. Wakafungwa mechi hiyo pia, lakini pointi ile ilikuwa yao.

Asubuhi ya mechi ya mwisho, Zuleha alimkuta Filomena anafunga kamba za viatu.

"Mimi sipandi ndege," alisema.

Filomena aliinua kichwa. "Unaumwa?"

"Siumwi. Nabaki. Kuna kituo wanapokea watu wanaoomba kukaa. Nimeshauliza njia."

"Zuleha, mama yako anakusubiri."

"Ananisubiri tangu nizaliwe. Mimi hapa hakuna anayejua ni mtoto wa nani. Tangu tufike napumua." Akamshika mkono. "Usimwambie mpaka nitulie. Nikisikia sauti yake nitarudi, najijua. Apa kwa rozari yako."

Filomena alitaka kukataa. Alitaka kwenda kumwita Mwalimu. Lakini katika miaka yote ya kujuana Zuleha hakuwahi kumwomba kitu. Akaishika rozari, akaapa. Muda si mrefu Zuleha alikuwa ametoka kwa mlango wa nyuma akiwa na begi lake dogo. Mechi ile waliicheza watatu.

Uwanja wa ndege Dar es Salaam walipokewa na watu wa chama chao cha mchezo, ambao hawakuja na maua. Walichukua pasi zao za kusafiria. Wakawauliza mmoja mmoja.

"Ulijua atatoroka?"

"Sikujua," alisema Filomena.

Mwalimu Bartholomeo alisimamishwa, na mwenye ghala, kwa kuogopa maneno, akalitia kufuli. Majibu ya vyuo yalipotoka, safari hiyo pia Filomena hakuwa amechaguliwa. Akabaki kwa shangazi, akishona vifungo na kupiga pasi nguo za wateja, akisikiliza cherehani.

Kisha Bi Mwaisha akaja. Alifika na mkungu wa ndizi kichwani na mguu mmoja umevimba, akakaa kwenye benchi la wateja.

"Shikamoo, mama," Filomena alisema, macho chini.

"Marahaba, mwanangu. Sikuja kukusumbua. Wewe ndiye uliyelala naye chumba kimoja. Niambie tu, alikuwa na mtu? Alitishwa? Kuna mzungu alikuwa anamfuatafuata?"

"Hapana, mama. Sikuona."

"Hata neno hakukuachia?"

Filomena alitazama sindano iliyokuwa mkononi mwake. "Hakuniachia."

Bi Mwaisha hakulia. Alikaa pale mpaka chai aliyopewa ikapoa, na alipoinuka, mguu ukamkatalia. Filomena akamshika, akamsindikiza mpaka Kinole, maana hakuna binadamu ambaye angemwacha apande peke yake. Huko akakuta karafuu zimewiva na hakuna mchumaji. Watoto wa kiume wa Bi Mwaisha walikuwa Dar, na vibarua wote walishakwenda kwa wenye mashamba makubwa. Filomena akapanda mkarafuu.

Ndivyo ilivyoanza. Alikwenda kusaidia karafuu, akarudi wiki iliyofuata kuzianika, akarudi tena kumpeleka mama hospitali kuangaliwa mguu. Bi Mwaisha alimpa kitanda cha Zuleha na kanga za Zuleha. Alimwonyesha namna ya kubandua gome la mdalasini bila kulipasua. Jirani wakipita njiani walisema, "Huyu sasa ndiye binti yako," na Bi Mwaisha akajibu, "Mungu hakunyimi vyote." Filomena alisikia maneno hayo akiwa amejitwika debe la maji, akaona debe limeongezeka uzito.

Zuleha alikuwa akimtumia ujumbe. Alikuwa kituoni, katika mji mdogo kaskazini, akisubiri maombi yake yasikilizwe. Hakuruhusiwa kufanya kazi bado. Alikula, alilala, alitazama theluji dirishani. Filomena alimwandikia: mama yako mgonjwa, niruhusu nimwambie. Jibu lilikuwa lilelile. Bado. Ulinishikia rozari.

Filomena aliwahi kujaribu kutokwenda Kinole. Alimwambia shangazi Yuliana kwamba atapumzika. Lakini kabla ya mchana Bi Mwaisha alikuwa amemtumia muuza matunda mmoja na salamu, na fenesi zima, na ujumbe kwamba amepika mseto wa njegere kwa sababu anajua watu wa Nyandira wanaupenda. Filomena aliketi akalitazama lile fenesi. Angelikuwa amepelekewa matusi angeweza kubaki Kihonda. Akajifunga kitenge akaenda.

"Unakonda," shangazi alimwambia aliporudi. "Yule si mama yako. Unalipa nini kule?"

"Nasaidia tu, shangazi."

"Msaada hauwi hivyo. Msaada mtu hurudi akiwa ameshiba."

Kwa padri pia alikwenda. Aliungama kwamba amesema uongo. Padri akamuuliza kama yuko tayari kuurekebisha, naye akasema ameapa, na padri akamwambia kwamba kiapo cha kumficha mama mtoto wake akakitafakari vizuri. Akakitafakari. Kila alivyokigeuza, kulikuwa na mtu mmoja upande huu na mwingine upande ule, na wote wawili walimwamini.

Kilicholivunja jambo hilo kilitoka kwa mjomba Kibwana. Huyu alikuwa kaka yake Bi Mwaisha, ndiye msemaji wa ukoo, mtu mkali lakini si mbaya. Yeye tangu mwanzo alishikilia kwamba msichana aliyelelewa vizuri haachi ardhi ya bibi zake kwa ajili ya barafu. Lazima ameuzwa. Na wa kumuuza alikuwa nani kama si yule mtu wa Kanada? Akapeleka mashitaka polisi. Mwalimu Bartholomeo akaitwa, akahojiwa, akaachiwa, akaitwa tena. Mtaani watu waliacha kumsalimia. Siku moja Filomena alimkuta sokoni akichagua nyanya, na mwenye meza akawa anajifanya hamwoni.

"Mwalimu, shikamoo."

"Marahaba, nahodha." Bado alimwita hivyo. Macho yake yalikuwa yameingia ndani. "Wanasema wakipata ushahidi kidogo tu watanifungulia kesi ya kusafirisha watu. Ushahidi gani sijui. Mimi nilifundisha kusukuma jiwe." Akaiweka nyanya chini. "Wewe usije karibu yangu sana. Wasije wakakuingiza."

Hakumuuliza kama alijua chochote. Pengine lingekuwa jambo jepesi zaidi kama angemuuliza.

Filomena hakurudi kwa shangazi. Alipanda Kinole siku ileile, bila kuwa siku yake ya kwenda. Alimkuta mjomba Kibwana na wazee wengine wa ukoo wameketi uani kwa Bi Mwaisha, karafuu zimeanikwa kwenye mikeka kati yao, wanazungumzia kwenda Morogoro kutoa maelezo mapya dhidi ya Bartholomeo. Akawaamkia, akabaki amesimama.

"Kaa, binti," alisema mjomba.

"Nitasema nikiwa nimesimama, mjomba. Mwalimu hana kosa. Zuleha hakuuzwa. Alibaki kwa hiari yake mwenyewe."

"Umejuaje?"

"Aliniambia. Kabla hajaondoka. Na mpaka leo tunawasiliana."

Kuku mmoja akakanyaga mkeka, na hakuna aliyemfukuza.

"Ulijua," mjomba alisema polepole. "Ukaja hapa. Ukalala kitanda chake. Ukala kwa mikono ya mama yake, wakati mama yake anadhani labda ametupwa mtoni huko."

"Niliapa, mjomba."

"Uliapa kwa nani? Kwake au kwa Mungu? Maana Mungu gani..."

"Kibwana." Bi Mwaisha alikuwa amesema jina hilo bila kuinua sauti. Aliinuka kwa shida, akainama kwenye mkeka, akaanza kuzigeuza karafuu kwa viganja, upande wa juu chini, upande wa chini juu, mpaka mkeka wote ukaisha. Kisha akamgeukia Filomena.

"Yuko hai?"

"Yuko hai, mama."

"Anakula?"

"Anakula. Hafanyi kazi bado. Anasubiri wamkubalie."

"Alisema kwa nini?"

Filomena alifikiri kumpunguzia, akaona amekwisha kupunguza mno. "Alisema huko hakuna anayejua ni mtoto wa nani. Alisema anapumua."

Bi Mwaisha aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa jina la ugonjwa alioumwa muda mrefu. Akamwambia kaka yake, "Mwanangu hakuibwa. Aliondoka. Kesho uende ukamwondolee yule baba kesi." Halafu akamwambia Filomena, "Na wewe teremka. Usije tena."

Filomena alikuwa ameyaota maneno hayo mara nyingi, kwamba siku moja ataambiwa asije tena. Alipoyasikia, miguu haikujua pa kwenda. Aliteremka njia ya mawe akipita migomba, na hakuhisi wepesi wowote.

Mjomba Kibwana alikwenda polisi kama alivyoagizwa, na Mwalimu Bartholomeo akaachwa. Alimshukuru Filomena kwa maneno machache, akahamia Dodoma kwa ndugu zake, na ghala likapangishwa kwa mtu wa magodoro. Habari za Kinole zilifika pia kwenye chama. Waliandika kwamba nahodha alidanganya, wakamfungia asicheze. Adhabu yenyewe haikuwa na maana kubwa: wakati itakapoisha umri wa vijana utakuwa umempita. Zuleha, alipoambiwa kwamba kiapo kimevunjwa, aliacha kuandika. Ujumbe wa Filomena ulikuwa unafika na haujibiwi. Kwa hiyo kwa mpigo mmoja alikuwa amewapoteza wote wawili, mama na binti, na rozari aliyoishika aliivua akaiweka kabatini, maana kila alipoigusa alikuwa hajui kama aombe au aombe radhi.

Akaajiriwa katika duka la pembejeo hapohapo Kihonda, akauza mbegu za kabichi kwa watu wa kwao waliomfahamu tangu utotoni. Mara nyingine, mchana wateja wakiisha, alikuwa akitazama mashindano ya mwaka ule kwenye simu. Wasichana wa nchi nyingine waliteleza, wakafagia, wakakumbatiana. Alijikuta anawaambia kimoyomoyo wafagie, waache, wafagie. Kisha mteja akaingia akataka dawa ya viwavi.

Masika yalipokuwa yanaanza, muuza matunda yule wa fenesi alisimama mlangoni mwa duka.

"Bi Mwaisha anakuita. Amesema uje na simu."

Alikwenda. Bi Mwaisha alikuwa amekaa ukumbini, mguu umeegeshwa kwenye kigoda. Karibu naye alikuwa msichana mdogo, binti wa marehemu dada yake, aliyeletwa kutoka Matombo.

"Huyu ndiye atakayeonyeshwa mipaka," Bi Mwaisha alisema, bila utangulizi. "Na yeye ni wa tumbo letu. Nataka nimpigie yule mwenzako. Wewe unajua kuibonyeza."

"Mama, hanijibu mimi."

"Mwandikie kwamba si wewe unayepiga."

Filomena akaandika. Akapiga. Simu iliita mpaka akakata tamaa, kisha ikapokelewa. Akaiweka kwenye spika, akamkabidhi Bi Mwaisha akatoka uani, lakini ukuta wa udongo hauzuii sauti.

"Shikamoo, mama," alisema Zuleha kutoka mbali.

"Marahaba. Baridi ikoje?"

"Kali, mama."

"Zile karafuu zimeisha?"

"Zimeisha zamani."

Kukawa na kilio upande wa pili, kirefu, na Bi Mwaisha akakiacha kiishe. Halafu Zuleha akasema, "Mama, nirudi?"

Filomena, uani, alishikilia nguzo ya baraza. Alikuwa anajua kwamba mama yule angeweza kusema neno moja tu, na Zuleha angerudi.

"Wameshakujibu hao unaowasubiri?" Bi Mwaisha aliuliza.

"Bado."

"Basi subiri wakujibu. Shamba lina mtu. Usije ukarudi kwa sababu ya shamba halafu ukanichukia hapa mbele ya macho yangu." Akakohoa. "Na huyu mwenzako mjibu. Umemfunga vya kutosha."

Waliongea tena kidogo, habari za mguu, za mvua, za kaka zake. Salio likaisha katikati ya neno. Bi Mwaisha akamwita Filomena, akamrudishia simu, akaifuta kioo kwanza kwa upindo wa kanga.

"Sijakusamehe," alisema. "Najaribu. Lakini wa kunibonyezea simu hapa hakuna mwingine. Jumapili ijayo utakuja?"

Mvua ilikuwa imeanza kunyesha juu ya migomba, na njia ya kuteremka ilikuwa inageuka utelezi. Filomena alikuwa na kazi dukani, na shangazi alikuwa amemwonya, na alijua kwamba akisema ndiyo mara moja, Jumapili hazitaisha.

"Nitakuja, mama," alisema. Akajifunika kitenge kichwani akaanza kuteremka, akishikilia migomba ya watu ili asianguke, na hata alipofika barabarani bado hakujua kama ni yeye aliyejibu au ni mazoea tu.